MUZIKI: Jinsi majukwaa ya vyuo yanavyoinua bendi chipukizi

BENDI ya wanafunzi inapotumbuiza katika tamasha la chuo, mara nyingi wanachama wake hurejea nyumbani na nauli tu mfukoni. Wakati mwingine hata nauli hiyo hujilipia wenyewe.

Hata hivyo, jukwaa la aina hiyo limewahi kuwa ngazi ya wanamuziki ambao majina yao sasa yanafahamika kote duniani. Je, jukwaa hilo humpa msanii nini ikiwa halimpi pesa?

Jibu linapatikana katika historia ya CMJ Music Marathon, tamasha la muziki wa vyuoni lililofanyika jijini New York, Marekani, kuanzia mwaka wa 1980 hadi 2015.

Kwanza, tufafanue maana. Bendi inayojitegemea ni ile inayotunga nyimbo zake, ikagharimia kurekodi au ikashirikiana na kampuni ndogo, nje ya himaya ya kampuni kubwa kama vile Universal, Sony na Warner.

Redio za wanafunzi

Tamasha la CMJ lilitokana na jarida lililoanzishwa na Robert Haber mnamo 1978 kwa ajili ya redio za vyuo.

Nchini Marekani, masafa ya FM kati ya 88 na 92 yametengewa stesheni za elimu na zisizo za kibiashara. Vyuo vingi vilipata leseni, na wanafunzi wakawa watangazaji wa kujitolea.

Kwa kuwa stesheni hizo hazikutegemea matangazo ya biashara, hazikulazimika kucheza nyimbo zilizokwisha kupata umaarufu. Mwanafunzi aliweza kucheza wimbo wa bendi isiyojulikana na yeyote, mradi ulimpendeza. Kila stesheni ilituma orodha ya nyimbo ilizocheza, nalo jarida likazijumlisha na kutoa chati.

Miongoni mwa walionufaika ni R.E.M., bendi iliyoundwa mwaka wa 1980 katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, kulikokuwa na chuo kikuu. Redio za vyuo ziliieneza sauti yake miaka kadhaa kabla ya stesheni kubwa kuitambua.

Masikio yenye maikrofoni

Wakati wa tamasha, wanafunzi hao walikutana New York na wenye kampuni ndogo za muziki na waandishi wa habari. Mchana walihudhuria mijadala; usiku walitawanyika katika kumbi na baa za jiji kutazama bendi changa.

Hapo ndipo siri yenyewe ilipo. Ukumbi ungeweza kuwa na watu mia moja pekee, lakini wengi wao walikuwa na mahali pa kuupeleka muziki waliousikia. Aliyevutiwa na bendi usiku ule aliweza kuicheza katika redio ya chuo chake wiki iliyofuata, mamia ya kilomita kutoka New York.

Mfano ni Arcade Fire, bendi kutoka Montreal, Canada. Ilitumbuiza katika tamasha hilo Oktoba 2004, mwezi mmoja baada ya kutoa albamu yake ya kwanza, Funeral, kupitia kampuni ndogo ya Merge. Sifa zake zilienea upesi. Mnamo 2011, albamu yake The Suburbs ilishinda tuzo ya Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka, ilhali Merge bado ndiyo iliyokuwa ikisambaza kazi zake nchini Marekani.

Ni vyema kukiri kwamba Arcade Fire ni wachache. Miaka ya mwisho ya tamasha hilo zaidi ya bendi 1,000 zilikuwa zikishiriki kwa mwaka, na nyingi hazikusikika tena. Isitoshe, intaneti ilikuwa imeanza kuitekeleza kazi ya tamasha: msikilizaji hakuhitaji tena redio ya chuo ili aipate bendi mpya.

Hapa nyumbani

Kenya ina utamaduni mkongwe wa muziki wa taasisi za elimu. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927 na hushirikisha shule, vyuo na vyuo vikuu. Lakini hayo ni mashindano: mshiriki hutafuta alama za majaji, ilhali bendi ya New York ilitafuta masikio ya wasikilizaji.

Just A Band, iliyoundwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta mnamo 2003, ilifuata njia yake. Ilijitengenezea muziki, ikatoa albamu ya Scratch to Reveal mwaka wa 2008, na mwaka wa 2010 video ya wimbo Ha-He ikamfanya mhusika Makmende kuwa gumzo la Wakenya mtandaoni.

Nani mwenye rekodi?

Hivyo basi, faida ya jukwaa la chuo huja baadaye, na humfikia tu yule ambaye bado anamiliki kazi yake.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mtunzi hulindwa maishani mwake na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini rekodi ya sauti huhesabiwa kuwa ya yule aliyefanya mipango ya kuirekodi. Mwandalizi wa tamasha anayeleta mitambo na kurekodi onyesho anaweza basi kudai kuwa rekodi hiyo ni yake, ingawa anahitaji idhini ya wanamuziki kuirekodi.

Aidha, sheria hiyo husema kwamba kumhamishia mtu mwingine hakimiliki hakuna nguvu bila maandishi yaliyotiwa saini. Kwa hiyo, saini ndiyo mali ambayo kijana anapaswa kuilinda kuliko gitaa lake.

Kabla ya kupanda jukwaani, wanachama wa bendi wakubaliane kwa maandishi ni nani aliyetunga wimbo upi na mapato yatagawanywa vipi. Wamuulize mwandalizi pia kama atarekodi, na rekodi hiyo itatumiwa wapi.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Nyimbo nazo ni mali.