Sayansi ya Moto: Taaluma Inayookoa Maisha Kabla ya Hospitali

Tarehe 10 Agosti 2019, lori lililobeba petroli lilipinduka katika eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika, na muda mfupi baadaye moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, baadhi yao papo hapo na wengine baada ya kulazwa hospitalini. Kazi ya madaktari na wauguzi ilianza baada ya mlipuko. Ipo taaluma ambayo kazi yake kubwa huanza kabla ya hapo, nayo ni sayansi ya moto.

Msingi wa taaluma hii ni kuelewa kwamba moto ni tukio la kikemia. Ili uwake, huhitaji kitu kinachoungua, oksijeni na joto; ili uendelee, huhitaji mfululizo wa mabadiliko ya kikemia usiokatika. Kuzima moto ni kuondoa kimojawapo kati ya hivyo vinne. Maji hupunguza joto, blanketi zito huzuia hewa, unga wa kizima moto hukata mfululizo huo, na kufunga mtungi wa gesi huondoa kinachoungua.

Ujuzi huo hubadili namna mtu anavyoitazama hatari. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa ardhini na unaweza kuifikia cheche iliyo mbali na dimbwi lenyewe. Asiyejua huona kimiminika kilichotulia, ilhali aliyesoma hujua kwamba amesimama ndani ya wingu lisiloonekana. Vivyo hivyo, maji yakimwagwa kwenye kikaango chenye mafuta yanayowaka huzama, hugeuka mvuke ghafla, hutanuka takriban mara 1,700 na kuyarusha mafuta yenye moto jikoni kote.

Hapa ndipo sayansi ya moto inapokutana na tiba. Katika moto wa majengo, wengi wanaokufa huuawa na moshi, si miali. Kaboni monoksaidi hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa oksijeni ingawa mapafu yanaendelea kuvuta pumzi. Magodoro na makochi ya sponji yanapoungua huongeza haidrojeni sayanaidi, sumu inayozuia chembe hai kuitumia hata oksijeni iliyozifikia. Gesi za moto hukusanyika kwanza chini ya dari. Joto lao likifika takriban nyuzi 500 hadi 600, karibu kila kitu chumbani huweza kuwaka kwa mkupuo. Kutokana na hayo yamepatikana maelekezo mawili yanayoonekana madogo: kuinama au kutambaa chini ya moshi, na kufunga mlango nyuma yako unapotoka.

Taaluma hii huchunguza pia majengo na tabia za watu. Mwaka 1911, moto katika kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York uliua wafanyakazi 146, na mmoja wa milango ya kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Msiba huo ulichochea sheria mpya za usalama kazini. Tangu hapo hadi leo, mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo mkaguzi hutafuta.

Mhitimu wa fani hii hafungiki kwenye gari la zimamoto. Anaweza kuwa mkaguzi wa majengo, mchunguzi wa chanzo cha moto ambaye ushahidi wake hufika mahakamani, mhandisi anayebuni mifumo ya kutambua moshi, au afisa usalama kiwandani, bandarini au kwenye kiwanja cha ndege. Kampuni za bima humhitaji kupima hatari, na hifadhi za misitu humhitaji kudhibiti moto wa nyika. Wapo pia watafiti wa afya ya wazima moto wenyewe. Mwaka 2022, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa kijana anayevutiwa na njia hii, fizikia, kemia na hisabati ndizo nguzo za kuanzia. Nchini Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huwafunza askari wake katika chuo chake cha Chogo, wilayani Handeni. Ughaibuni, Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani kimefundisha uhandisi wa kinga ya moto tangu mwaka 1956.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kidonda kikubwa cha moto huhitaji wiki nyingi za usafishaji na upandikizaji wa ngozi, na makovu yake hudumu maisha yote. Mlango wa dharura ulio wazi, kizima moto kinachofanya kazi na namba 114 ya zimamoto inayopigwa mapema vinaweza kumwepusha mtu na kitanda hicho. Kuhakikisha vipo, na kwamba watu wanajua kuvitumia, ndiyo kazi ya msomi wa moto.