Mkazo wa Vitenzi vya Kiitaliano

Mswahili anayeanza kujifunza Kiitaliano hufarijika mapema. Parlo ni nasema, parla ni anasema, na mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Kisha linakuja parlano, wanasema, naye anatamka par-LA-no. Sivyo. Ni PAR-la-no.

Kosa hili tunalitoa nyumbani. Katika Kiswahili neno likirefuka, mkazo nao unahama: PI-ga, pi-GA-na, pi-ga-NI-sha. Kiitaliano hakifanyi hivyo kila mara. Katika wakati uliopo, -no ya wingi hubandikwa nyuma ya neno na mkazo unabaki palepale ulipokuwa kwenye umoja. A-bi-ta ni anaishi mahali fulani; wanaishi ni A-bi-ta-no, mkazo silabi ya nne kutoka mwisho. Wanapiga simu: te-LE-fo-na-no. Ukiamrisha na kuongeza viwakilishi, mkazo unakuwa mbali zaidi na mwisho: FAB-bri-ca-me-lo, yaani nitengenezee hicho.

Kwa hiyo jifunze umoja kwanza, kwa sauti. Kitabu kinachopanga nafsi zote sita bila kuonyesha mkazo kinamnyima mwanafunzi nusu ya somo, maana maandishi ya kawaida hayamsaidii: katika neno lenye silabi zaidi ya moja, alama ya mkazo ni lazima pale tu mkazo unapoangukia irabu ya mwisho. Tazama capito. CA-pi-to ni natokea mahali kwa bahati. Ca-PI-to ni iliyoeleweka. Capitò, yenye alama, ni ilitokea. Mawili ya kwanza yanaandikwa sawasawa, na ni sentensi tu inayoyatofautisha.

Kukata silabi vizuri kunasaidia sana. Konsonanti iliyorudiwa hugawanywa, moja huku na moja kule, hivyo silabi inayotangulia inafungwa. Silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa imefungwa, karibu kila mara mkazo unakaa hapo. Ndiyo maana watasema ni par-le-RAN-no ingawa wanasema ni PAR-la-no. Hiyo konsonanti pacha usiipitie juu juu: par-le-RE-mo ni tutasema, par-le-REM-mo ni tungesema, na mkazo uko silabi ileile.

Vitenzi vya -ere ndivyo vigumu. Kuona ni ve-DE-re, kuandika ni SCRI-ve-re, na umbo la neno halikuambii lolote. Hapo fungua kamusi.