Kioo Mapajani mwa Marina

Kwenye filamu zenye mhusika aliyebadili jinsia, kioo hakikosi. Mhusika anavua nguo, anajitazama, anageuza uso kwa uchungu. Tumeizoea picha hiyo hadi hatuulizi kioo kile kimewekwa pale kwa ajili ya nani. Mara nyingi ni kwa ajili yetu watazamaji, tupate kuchungulia.

Filamu ya Chile A Fantastic Woman (2017), ya Sebastián Lelio, inacheza na tamaa yetu hiyo. Marina ni mhudumu wa mgahawa na mwimbaji jijini Santiago. Mpenzi wake, Orlando, anafariki ghafla, na tangu usiku ule mwili wa Marina unageuka mali ya kila mtu. Polisi wanamtaka avue nguo apigwe picha. Jamaa za marehemu wanamteka ndani ya gari na kumzungushia selotepu usoni mpaka sura inapotoka. Wote wanataka kujua kitu kimoja, na kitu hicho Lelio hakionyeshi. Badala yake tunamkuta Marina amelala uchi, kioo kidogo cha duara kimekaa katikati ya mapaja. Anashusha macho. Ndani ya kioo mna uso wake.

Mwaka uliofuata ikaja Girl, ya Lukas Dhont wa Ubelgiji, kuhusu Lara, binti anayebadili jinsia na anayesomea dansi ya balei. Selotepu ipo hapa pia, ila Lara anajibandika mwenyewe chini ya nguo za mazoezi, hadi ngozi inachubuka. Filamu ilipata tuzo ya Caméra d'Or huko Cannes, lakini wahakiki kadhaa waliobadili jinsia waliilaumu kwa kuukodolea macho mwili wa binti huyo. Mimi nakubaliana nao nusu. Dhiki ya Lara ni ya kweli. Madaktari huiita disforia ya jinsia, yaani uchungu wa mtu ambaye mwili wake haulingani na jinsia anayojihisi, na wapo wanaoishi nayo kila asubuhi wanapovaa. Tatizo ni kamera isiyojua jambo lingine juu yake. Tunamaliza filamu tukikijua kiuno cha Lara kuliko anachokipenda katika dansi.

Marina tunaijua sauti yake. Anaigizwa na Daniela Vega, mwanamke aliyebadili jinsia na aliyesomea uimbaji wa opera; Lelio alimwita kwanza kama mshauri tu, kisha akampa nafasi yenyewe. (Lara aliigizwa na mvulana, Victor Polster.) Karibu na mwisho Marina anasimama jukwaani, anaimba wimbo wa Handel, na kamera inatulia usoni.

Ndani ya filamu, polisi anamdai kitambulisho, na jina lililomo si Marina. Machi 2018 filamu ilishinda Oscar. Sheria ya Chile inayomruhusu mtu kubadili jina na jinsia kwenye hati zake ilitiwa saini Novemba mwaka huohuo.