Je, Wajua? Vumbi la Keekee Hutaja Ukuta

Je, wajua kwamba plasta haibebi runinga? Ni tabaka la saruji na mchanga tu, mara nyingi halizidi sana sentimita 2. Mzigo hubebwa na kilicho nyuma yake.

Nyumba nyingi za Ifakara ni za matofali ya kuchoma. Toboa kwa keekee, tazama vumbi. Kwanza hutoka la kijivu: plasta. Likigeuka jekundu, umefika kwenye tofali, na hapo fisha ya plastiki inayopokea skrubu hushika vizuri. Likirudi kijivu huku keekee ikizama kama kisu kwenye ugali, umeangukia kwenye mchanganyiko wa kujengea ulio kati ya matofali. Hamisha tundu. Likibaki kijivu na keekee ikagoma, hilo ni zege, pengine linta juu ya dirisha au mlango. Gumu kutoboa, lakini hakuna pazuri kuliko hapo.

Zege lililofunikwa kwa ubao wa jipsamu hudanganya zaidi. Ubao wa kawaida una unene wa milimita 12.5. Skrubu fupi huishia humo humo! Inatakiwa ndefu, ipite ubao na kuzama ndani ya zege. Kukiwa na upenyo kati ya ubao na zege, ukikaza sana ubao hupasuka. Fundi makini huujaza upenyo huo kwa kipande cha bomba.

Na nyaya? Kwa kawaida hushuka ndani ya ukuta kutoka darini hadi kwenye soketi. Usitoboe juu ya soketi wala swichi, na zima meinswichi kwanza.