Je, Wajua? Dawa Zinazotokana na Plazma

Plazma, yaani majimaji ya manjano yanayofanya takribani asilimia 55 ya damu, haiwezi kuundwa kiwandani, hivyo kampuni ya Takeda ya Japani, iliyopanua biashara ya dawa zinazotokana na plazma ilipoinunua kampuni ya Shire mwaka 2019, huitegemea mikono ya wachangiaji. Mgonjwa mmoja aliyezaliwa na upungufu wa kinga, anayetibiwa kwa imunoglobulini (protini zinazopambana na maambukizi), huhitaji michango zaidi ya 130 kwa mwaka, hesabu inayostahili kutangulizwa mbele ya ile ya faida. Kwa kuwa uzalishaji wa dawa hizi huchukua miezi 7 hadi 12, mahitaji hukadiriwa mapema. Mwaka 2023 Takeda ilitangaza kiwanda kipya cha dawa hizo huko Osaka, kinachotarajiwa kuanza kazi karibu na 2030.