Mbu wa Uani

Watu wengi mjini Mombasa hudhani kwamba mbu hutoka vichakani tu. Sivyo. Mbu mweusi mwenye madoa meupe, aumaye mchana na aletaye homa ya kidingapopo iliyozuka mjini humo mwaka wa 2013, huzaliwa uani: mtungini, koponi, katika kifuu cha nazi au mpira mkuukuu wa gari. Wakati wa joto yai huweza kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Kwa hiyo yafaa maji yamwagwe kila juma. Lakini kumwaga tu hakutoshi, kwa maana mayai hugandama ubavuni mwa chombo, nayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji. Basi mtungi usuguliwe sana ndani, kisha ufunikwe. Makopo na vifuu vifukiwe. Jirani naye aambiwe, maana mbu hazuiliwi na ua.