Gemu la siku nyingi apewe mtu wa nje?

Juzi kwenye banda la gemu hapa Mpanda ulizuka ubishi: kampuni ikishachoka, impe mtu wa nje gemu lake la siku nyingi? Mi nasema impe, ila isimwachie peke yake.

Tuchukue GTA San Andreas, ile tuliyokua nayo kwenye PS2. Rockstar waliitoa 2004. Novemba 2021 ikarudi pamoja na GTA III na Vice City, zote zimefanyiwa kazi upya na Grove Street Games, kampuni ya nje. Bei dola 60. Jamani! Sura kama midoli, mvua nzito mpaka barabara huioni. Halafu mle ndani kuna duka la donati, Tuff Nut, bango lake ni bonge la nati yenye pembe. Ni utani, maana kwa Kiingereza neno nati limo ndani ya donati. Toleo jipya likalainisha pembe zote, nati ikawa duara tu. Aliyebuni utani ule angeliona siku ya kwanza.

Mwezi uleule Rockstar wakaomba radhi. Marekebisho ya maana yakaja Novemba 2024, wateja walishalipa zamani.

Ila Konami wa Japani nao waliwapa Bloober Team wa Poland kuitengeneza upya Silent Hill 2, ikatoka 2024 na kusifiwa kinoma. Tofauti? Mchoraji Masahiro Ito na mtunzi wa muziki Akira Yamaoka, wote wa gemu la mwanzo la 2001, walikuwemo kazini.